Kupewa au Kuazimwa: Tulinganishe Namna za Kugawa Madaraka, Tukianzia Tanga

Kutoka Tanga mjini mpaka Horohoro ni kilomita kama 65. Ukivuka mpaka uko Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, kwa watu wenye gavana na bunge lao la kaunti. Rudi Tanga, simama Raskazone asubuhi bahari ikiwa imetulia, utazame mashariki: ng'ambo ya mkondo iko Pemba, sehemu ya Zanzibar, yenye Rais wake, Baraza la Wawakilishi na Katiba yake ya 1984. Na hapo uliposimama ni Jiji la Tanga, lenye meya na madiwani tuliowapigia kura, na mkurugenzi na mkuu wa mkoa walioteuliwa na Rais.

Mifano mitatu ya kugawa madaraka imetuzunguka. Lugha ni moja, harusi ni zile zile, Wadigo wako pande zote mbili za mpaka. Kinachotutenga ni kilichoandikwa katika katiba zetu.

Mjadala wa katiba mpya unaporudi, na hurudi kila baada ya miaka kadhaa, swali tunaloletewa ni moja: serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar kama ilivyo sasa, au tatu, yaani kuongeza ya Tanganyika? Nimefundisha Uraia miaka mingi, na nimeona swali hilo likiwagombanisha watu barazani kabla hawajajua wanachagua nini. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya anayetaka kuamua mwenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usome ukiujua: idadi ya serikali naiweka nyuma. Mbele naweka swali la kama ulichopewa kinaweza kuchukuliwa tena, na nani, na kwa njia rahisi kiasi gani.

Kiswahili chenyewe kina maneno mawili ya kutuongoza. Kukasimu madaraka ni kumpa mtu kazi yako aifanye kwa niaba yako. Siku ukitaka unaichukua, naye hana pa kwenda kushtaki. Kugatua ni kuyaachia, yakawa ya mwenzako. Kwenye hotuba maneno haya huchanganywa kila siku. Kwenye katiba, ukiyachanganya umepoteza roho ya jambo lenyewe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Madarasa mawili ya rangi nyingine

Nilikwenda harusini upande wa Kenya, kwa shangazi yangu, kijiji cha pwani. Jioni tukapita kando ya shule ya msingi. Kiwanja kimoja, ua mmoja, lakini vyumba viwili vya mwisho vilipakwa rangi nyingine kabisa.

"Shangazi, mbona yale mawili yametengwa?"

"Hayakutengwa, mwanangu. Wale wadogo wa chekechea ni wa kaunti. Hawa wakubwa ni wa Nairobi. Mwalimu wa huku alipwa na kaunti, wa kule na serikali kuu."

"Na mzazi atajuaje pa kulalamikia?"

"Kila mtu ajua. Mtoto wa chekechea akikosa kiti twamfuata mwakilishi wa wadi. Wa darasa la nne akikosa, twamtafuta mbunge. Na kwenu, wale wadogo ni wa nani?"

"Wa Serikali."

"Serikali gani?"

Nilichelewa kujibu. Kwetu shule ni ya halmashauri kwa maandishi, mwalimu analipwa na hazina, na maelekezo yanatoka wizarani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Shangazi hajawahi kuishika Katiba ya nchi yake mkononi, lakini aliyonieleza ndiyo yaliyomo katika jedwali la nne mwishoni mwa Katiba ya Kenya ya 2010. Jedwali hilo lina orodha mbili. Serikali ya kitaifa ina ulinzi, polisi, mambo ya nje, sarafu, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti 47 zina afya ya kaunti, kilimo, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti. Kisichotajwa popote ni cha serikali ya kitaifa.

Orodha peke yake isingetosha. Kilichoifanya iwe ugatuzi wa kweli ni vifungu vitatu vinavyoilinda. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa pamoja zipate kila mwaka si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 209 kinazipa kaunti haki ya kutoza kodi ya majengo na viwanja. Na kifungu cha 255 kinasema anayetaka kubadili malengo, misingi au muundo wa ugatuzi lazima aende kwa wananchi wapige kura ya maoni. Juu ya hayo kuna Seneti, ambayo kazi yake ni kuzitetea kaunti.

Kifungu hicho cha 255 kina historia ambayo watu wa pwani wanapaswa kuikumbuka. Kenya ilipopata madaraka ya ndani mwaka 1963 ilikuwa na katiba ya majimbo: mikoa saba yenye mabaraza, na Ronald Ngala akiongoza ule wa Pwani. Yaliandikwa yote. Lakini mikoa ilinyimwa fedha na watumishi, chama kilichoitetea kikavunjwa na kujiunga na chama tawala mwaka 1964, na kwa marekebisho machache bungeni majimbo yakazikwa kabla hayajatembea. Walioandika Katiba ya 2010 walikuwa wamelishika somo hilo: ukiweka madaraka kwenye katiba bila kuweka fedha na bila kufunga mlango wa marekebisho, umeandika juu ya mchanga wa ufukweni.

Kasoro zipo na sizifichi. Ile asilimia 15 inapigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, ambazo huwa za miaka ya nyuma, kwa hiyo ukipima kwa mapato ya leo unakuta imepungua. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi juu ya kanuni ya mgao, kaunti zikisubiri fedha. Mgomo wa madaktari wa 2016 hadi 2017 ulidumu siku 100, na sehemu ya ugomvi ilikuwa hiyo hiyo: wahudumu wa afya wawe chini ya kaunti au wawe na tume moja ya kitaifa? Bandari ya Mombasa nayo ilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, jambo ambalo wengi wa pale hawajalimeza.

Kwetu: karatasi ya LUKU

Chukua risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, uisome mstari kwa mstari. Tangu 2021 kuna kodi ya jengo inayokatwa humo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Zamani kodi hiyo ilikuwa inakusanywa na halmashauri. Mwaka 2016 sheria ya fedha ikaihamishia Mamlaka ya Mapato, na baadaye ikaja kwenye mita. Sisemi ukusanyaji wa LUKU ni mbaya; ni rahisi, na kukwepa ni vigumu. Ninachokuonyesha ni namna ilivyohama. Hapakuwa na kura ya maoni, wala halmashauri kuombwa ridhaa, wala theluthi mbili ya wabunge. Ilitosha sheria ya kawaida, inayopita kwa wingi wa kawaida wa kura.

Barabara za mitaa vivyo hivyo: zilikuwa kazi ya halmashauri, na tangu 2017 ziko chini ya wakala wa serikali kuu, TARURA. Huenda wakala unazijenga vizuri zaidi. Ila diwani uliyempigia kura kwa sababu ya mtaro wa mtaani kwako, mtaro huo hana amri nao tena, na wewe hukuulizwa.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 145 na 146, inasema vyombo vya serikali za mitaa viwepo, na madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno mazuri, na nayathamini. Lakini kazi zipi hasa, fedha kiasi gani, kodi ipi, hayo yameachiwa Bunge liyaweke kwa sheria. Hata hizo ibara zenyewe zina sababu ya kuwepo: kuanzia 1972, kwa sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya na ya miji yaliyochaguliwa yalifutwa, kazi zake zikapewa watumishi wa serikali kuu. Ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria za serikali za mitaa tunazozitumia mpaka leo zilitungwa mwaka 1982. Jina lilikuwa Madaraka Mikoani, na watu waliofika mikoani ni watumishi kutoka makao makuu.

Mkoa wa Tanga, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2.6. Zanzibar yote ina milioni 1.89. Kwale, kwa sensa ya Kenya ya 2019, ina watu kama 867,000. Katika sehemu hizi tatu, yenye watu wengi kuliko zote ndiyo isiyo na chombo kimoja cha ngazi yake kilichochaguliwa na wananchi. Mkoa una mkuu wa mkoa na sekretarieti, hauna baraza tulilolipigia kura.

Pemba: nusu iliyofungwa kwa kufuli

Mwanafunzi wa Wete anasoma chini ya wizara ya elimu ya Zanzibar, kwa walimu wa Zanzibar. Akifika kidato cha nne anafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa, sawa na mwanafunzi wa Muheza. Ukitaka kuelewa Muungano wetu kwa mfano mmoja, chukua huo. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Baraza la Mitihani ni jambo la Muungano. Elimu ya juu ni jambo la Muungano.

Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina orodha ya mambo ya Muungano. Tulianza mwaka 1964 na mambo 11, leo ni 22. Kisichomo humo, kwa upande wa visiwani, ni cha Zanzibar. Kwa hiyo kwenye swali la mambo yasiyotajwa, Zanzibar imesimama mahali pazuri kuliko kaunti yoyote ya Kenya. Na ibara ya 98 imeweka kufuli: kubadili orodha hiyo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Zanzibar.

Lakini orodha imekua maradufu tangu 1964. Mafuta na gesi asilia viliingizwa mwaka 1968 na vikawa ugomvi wa miaka mingi, mpaka sheria ya petroli ya 2015 ilipoiachia Zanzibar isimamie ya kwake. Kufuli la kura halitoshi ikiwa wapiga kura wa pande zote mbili wanaongozwa na chama kimoja na kikao kimoja. Hili husemwa kwa nadra, na mimi naliona kubwa.

Na nani huamua pande mbili zikigombana? Katiba, kuanzia ibara ya 125, inaweka Mahakama Maalum ya Katiba. Nusu ya wajumbe huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Ukipiga hesabu utaona mwenyewe: wajumbe wa upande mmoja wakishikamana, hakuna uamuzi. Imeundwa kwa ajili ya suluhu, na suluhu ni jambo jema, ila mwenye haki anayekataliwa suluhu anabaki na haki yake mkononi hana pa kuipeleka. Na migogoro hii si ya kufikirika tu: Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar Januari 1984 katika mvutano wa muundo wa Muungano.

Upande wa pili wa sarafu ni huu wetu wa Bara. Serikali ya Muungano ndiyo hiyo hiyo inayosimamia mambo yasiyo ya Muungano huku Bara. Waziri wa afya unayemsikia redioni ni wa Bara peke yake. Waziri wa ulinzi ni wa nchi nzima. Wanakaa baraza moja. Wazanzibari wanauliza Tanganyika imejificha wapi. Watu wa Bara wanauliza kwa nini wabunge wa visiwani wapige kura juu ya hospitali za Korogwe. Yote mawili ni maswali halali na muundo wa serikali mbili hauna jibu lake.

Serikali tatu: dawa ya ugonjwa upi?

Tume ya Jaji Nyalali ilipendekeza serikali tatu mapema miaka ya 1990. Mwaka 1993 wabunge 55 wakadai serikali ya Tanganyika. Kamati ya Jaji Kisanga ikapendekeza tena mwaka 1999. Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni kuanzia 2012, ikaja na rasimu ya 2013: Muungano ubaki na mambo saba tu, nayo ni katiba na mamlaka ya Muungano, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na benki kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama vya siasa, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi yatokanayo na mambo hayo. Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye serikali mbili, sehemu ya wajumbe wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Hoja ya serikali tatu ina nguvu mahali pamoja: inaweka wazi nani ni nani. Lile swali la Tanganyika iko wapi linapata jibu, na mbunge wa Pemba hapigi tena kura juu ya Korogwe.

Udhaifu wake wa kwanza ni kibubu. Serikali ya Muungano ingeishi kwa ushuru wa bidhaa, maduhuli, mikopo na michango ya nchi washirika. Jeshi, balozi na benki kuu vyote hapo. Mkono mtupu haulambwi. Wamarekani walishapita njia hii: mapatano yao ya kwanza, yaliyoanza kutumika 1781, yaliiacha serikali ya pamoja bila uwezo wa kutoza kodi, ikawa inaomba michango kwa majimbo na majimbo yanachelewesha au hayatoi. Baada ya miaka sita wakakaa Philadelphia kuandika katiba nyingine, na uwezo wa kutoza kodi ukawa miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoipa serikali ya shirikisho. Anayetaka serikali tatu namwomba aseme kwanza kodi gani itakuwa ya Muungano moja kwa moja, bila kupita mkononi mwa mtu.

Wa pili ni kuwa wawili. Shirikisho la washirika wawili halina wa tatu wa kuamua au kuegemea. Kila jambo linakuwa sisi na wao. Czechoslovakia ilikuwa ya wawili, ikaachana mwisho wa 1992. Serbia na Montenegro waliachana mwaka 2006. Na sisi tuna upande mmoja wenye watu karibu milioni 60 na mwingine wenye chini ya milioni mbili. Ukigawa kwa idadi ya watu, mdogo anamezwa. Ukigawa sawa kwa sawa, mkubwa ananung'unika.

Wa tatu ndio unaonigusa mimi nikiwa hapa Chumbageni, Tanga mjini. Tuseme serikali ya Tanganyika imezaliwa, Dodoma au popote. Kodi ya nyumba yangu inarudi Tanga? Barabara ya mtaani inarudi kwa diwani? Mkuu wa mkoa anachaguliwa? Hapana kwa yote. Serikali tatu inatibu uhusiano wa Bara na Visiwani. Uhusiano wa Tanga na makao makuu inauacha ulivyo. Wengi barazani huipigia debe wakidhani itawatibu yote mawili, na hapo ndipo ninapoona tunauziwa kitu ambacho hatukukitaja.

Wanaoitwa mashirikisho

Jina la shirikisho lisikulevye. Nigeria ni shirikisho lenye majimbo 36, na kisichotajwa kwenye orodha za katiba yao ya 1999 ni cha majimbo. Lakini polisi ni wa serikali ya shirikisho, mafuta ni ya shirikisho, na majimbo mengi yanasubiri mgao wa kila mwezi kutoka Abuja kama mtumishi anavyosubiri mshahara. Majimbo yanayotoa mafuta yana haki ya si chini ya asilimia 13 ya mapato ya rasilimali hiyo, na hata hiyo ilipatikana kwa kelele nyingi.

India nayo ina majimbo 28, lugha zake, chaguzi zake, na orodha tatu ndefu: ya Muungano, ya majimbo na ya pamoja. Lakini kisichotajwa ni cha Muungano, na kifungu cha tatu cha katiba yao kinaliruhusu Bunge la Delhi kuunda jimbo, kulikata au kulibadili mipaka kwa wingi wa kawaida wa kura. Mwaka 2019 Jammu na Kashmir iliacha kuwa jimbo ikagawanywa kuwa maeneo mawili yanayotawaliwa kutoka katikati. Linganisha na Marekani, ambako hakuna jimbo linaloweza kumegwa bila bunge lake lenyewe kuridhia, na ambako nyongeza ya kumi ya 1791 inasema yasiyopewa shirikisho ni ya majimbo au ya wananchi.

Ninayevutiwa naye zaidi ni Mjerumani. Katiba yao ya 1949 iliandikwa na watu waliokuwa wametoka kuona madaraka yote yakikusanywa mkononi mwa mtu mmoja, na inaonekana kila ukurasa. Majimbo ni 16. Sheria nyingi hutungwa na shirikisho, lakini watekelezaji ni majimbo. Baraza lao la pili la kutunga sheria halina wabunge wa kuchaguliwa. Wanaokaa humo ni serikali za majimbo zenyewe, kila moja na kura tatu hadi sita. Kifungu cha 79 kinakataza kabisa kuondoa mgawanyo wa nchi katika majimbo, hata bunge zima likitaka. Na sasa rudi kwenye risiti yako ya LUKU: kifungu cha 106 kinasema mapato ya kodi ya ardhi na majengo ni ya manispaa. Imeandikwa ndani ya katiba. Waziri wa fedha wa shirikisho hawezi kuihamisha kwa sheria ya bajeti.

Hofu ya ukabila

Anayepinga ugatuzi kwetu huanza na hili, na simdharau. Tumejengwa kama taifa moja, mtoto wa Lushoto anasoma Songea na kuoa Bukoba, na kuna anayehofia kwamba mikoa ikipewa nguvu tutaanza kuulizana makabila. Kenya imetoa jibu la pande mbili. Kaunti nyingi mipaka yake imefuata makabila, na ajira za kaunti zimelalamikiwa kwa hilo. Lakini pia maeneo yaliyosahauliwa tangu uhuru, kama kaskazini ya mbali, yamepata fedha yenye haki nayo kikatiba. Kwetu mikoa haikuchorwa kwa kabila. Tanga ina Wasambaa, Wazigua, Wabondei, Wadigo, Wasegeju na wengine tele, hakuna wa kusema mkoa ni wangu. Hofu hii inapungua sana ukiiweka juu ya ramani yetu wenyewe.

Hofu ya wizi kuhamia chini, hiyo ni ya kweli zaidi. Gavana mwenye bajeti ni mtu mwenye cha kuiba. Faida pekee ni kwamba yuko karibu, unajua anakokaa, na baada ya miaka mitano unakutana naye kwenye sanduku la kura.

Basi uchague nini?

Kama kinachokukera ni Bara na Visiwani, basi mjadala wa mbili au tatu ni wako. Ukichukua mbili, dai orodha ipunguzwe na mahakama ya kuamua migogoro iwe na mwamuzi wa mwisho, asiyegawanywa nusu kwa nusu. Ukichukua tatu, dai Muungano uwe na kodi yake yenyewe.

Kama kinachokukera ni mtaro, zahanati, soko na kodi ya nyumba, mjadala huo haukuhusu sana. Dai lako ni ugatuzi wa mtindo wa Kenya ndani ya Bara: orodha ya kazi ndani ya katiba, fungu la fedha lenye kiwango cha chini, na kufuli la kura ya maoni. Mimi niko hapa. Ningechukua orodha na kufuli kutoka Kenya, na kifungu cha kodi ya majengo kutoka Ujerumani.

Kama hofu yako ni nchi kusambaratika, baki na muundo wa sasa, ila ujue unachobaki nacho ni kuazimwa, na uombe waliokuazima wawe wema.

Yuko atakayeniuliza ngazi ipi ipewe. Bara ina mikoa 26 na halmashauri 184. Nimelifikiria hili sana. Halmashauri iko karibu na watu, lakini Pangani au Bumbuli haiwezi kuendesha hospitali ya rufaa peke yake. Mkoa unaweza. Kwa hiyo nachagua mkoa, wenye baraza na kiongozi waliochaguliwa, na halmashauri chini yake. Shida ni kwamba mtu wa Songe kule Kilindi ataiona Tanga mjini kama mimi ninavyoiona Dodoma. Bandari iko kwetu, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia kwetu Chongoleani, fedha zitakusanyika pwani, na baraza la mkoa litakaa pwani. Basi katika rasimu yangu, karibu na kifungu cha kuilinda Tanga, ningeandika kingine cha kuilinda Kilindi dhidi ya Tanga mjini: fungu lake la chini ndani ya mkoa litajwe kwa asilimia, na baraza la mkoa lisiweze kulipunguza bila halmashauri za mkoa wenyewe kuridhia.